Kipande cha Kongo Karibu na Shianda

Ndugu msomaji, kila safari ya shule ikitajwa utasikia darasa zima likipiga kelele: "Mombasa! Maasai Mara!" Si vibaya. Lakini hebu piga hesabu ya nauli kutoka hapa Shianda hadi pwani na kurudi, na malazi juu yake, kisha uniambie ni wazazi wangapi wataweza. Na kumbe mwendo wa matatu chache tu kutoka hapa kuna kitu ambacho huko kote hakipo.

Naam, nazungumzia Msitu wa Kakamega. Zamani sana, wakati mvua ilikuwa nyingi kuliko sasa, misitu mikubwa ya Kongo ilienea mashariki kupitia Uganda hadi huku. Hali ya hewa ilipokauka, misitu hiyo ilirudi nyuma ikaacha vipande vipande. Kipande kikuu kilichobaki upande wa Kenya ni hiki chetu. Mvua haikukitupa: karibu milimita 2000 kwa mwaka, mvua ile ile inayokuza miwa yetu. Ndiyo maana ndani yake wako ndege na nyoka ambao ndugu zao wanaishi Kongo na Afrika Magharibi. Mmoja ni shorobo mkubwa wa rangi ya buluu, ndege mwenye kishungi ambaye akiruka utadhani kuku amejifunza kupaa.

Ukiingia, mwombe kiongozi akuonyeshe mkuyu mnyongaji. Ndege hula tunda lake, akaangusha mbegu kwenye tawi la mti mwingine. Mbegu huota huko huko juu na kuteremsha mizizi hadi ardhini. Mizizi hunenepa, hushikana, ikauzingira ule mti mwenyeji kama kapu. Mwenyeji hukosa mwanga, hufa na kuoza. Mkuyu hubaki umesimama, katikati una uwazi ambao mtu anaweza kuingia.

Miti mingine utaikuta uchi. Huo ni mwiritsa, ambao gome lake hutengenezwa dawa ya tezi inayowasumbua wanaume wazee, dawa inayouzwa hadi Ulaya. Gome likibanduliwa kuzunguka shina lote, chakula kinachotengenezwa na majani hakifiki tena mizizini, na mti hufa polepole. Msitu ulitangazwa rasmi kuwa wa kuhifadhiwa mwaka wa 1933, na sehemu ya kaskazini, Buyangu, ikafanywa hifadhi ya taifa mwaka wa 1985. Lakini karatasi ya serikali haizuii panga usiku. Wanaouzunguka wana mashamba madogo, nao wanahitaji kuni, malisho na dawa, kwa hivyo tusiwalaumu haraka. Hata mukombero, ule mzizi wanaoutafuna wazee wetu (sababu waulizeni wenyewe), umechimbwa humo mpaka ukawa adimu. Siku hizi kuna wakulima wanaoupanda shambani, na mimi naona hilo linasaidia kuliko hotuba kumi.

Safari yenyewe ningeipanga hivi. Shika matatu hadi mjini Kakamega, kisha ile ya Kisumu, ushuke Ilesi uone Jiwe Liliaalo, wenyewe huliita Ikhongo Murwi. Ni nguzo ndefu ya jiwe yenye jiwe jingine juu kama kichwa. Maji ya mvua hukusanyika huko juu na kutiririka, yakiacha alama za machozi. Mbele kidogo ni Khayega. Hapo ingia njia ya Shinyalu hadi Isecheno, ambako viongozi hupatikana. Usikose kupanda kilima cha Lirhanda. Ukiwa kileleni utaona msitu umetandazwa kama blanketi, na ubavuni kuna handaki la wachimba dhahabu wa miaka ya 1930, sasa ni nyumba ya popo.

Vaeni viatu vya kufunga na soksi ndefu, suruali iingie ndani ya soksi. Wasichana, siku hiyo mwombeni mwalimu ruhusa ya kuvaa suruali. Siafu wa Isecheno hawajui sare ya shule.