Mlio Usiofika Korogwe

Kutoka Handeni hadi Korogwe ni kilomita 65 za lami, na zinatosha kupoteza ushahidi. Land Cruiser lililokuwa likigonga mbele kwenye njia ya vumbi ya Kibirashi hupita Sindeni limenyamaza. Likifika gereji, fundi hulizungusha mitaa ya Manundu, hulipitisha kwenye tuta moja mawili, asisikie kitu. Dereva anaapa kwamba mlio upo. Fundi hana sababu ya kumbishia, lakini hana pia cha kushika mkononi, hivyo anabadilisha shokapu. Gari linarudi vumbini, mlio nao unarudi. Safari inayofuata ni zamu ya bushi, halafu beringi.

Hasara yake haiishii kwenye spea. Magari ya aina hii ndiyo yanayobeba wajawazito usiku na chanjo mchana, na gari likilala gereji mara tatu kwa mlio mmoja, kuna watu waliongoja mara tatu. Ndiyo maana nashikilia kwamba mlio wa kuja na kuondoka usitafutiwe spea kabla haujajulikana unatokea lini. Ni kwa kasi gani? Usukani umekatwa au umenyooka? Breki ikikanyagwa au ikiachiwa? Asubuhi tu, au baada ya mwendo mrefu? Majibu haya anayo dereva, naye huulizwa mara chache mno. Mara nyingi anayelileta gari gereji ni mtu mwingine kabisa.

Land Cruiser za mfululizo wa 70, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1984, zina ekseli ngumu mbele. Mwaka 1999 springi za koili zilichukua nafasi ya zile za majani katika ekseli hiyo, na gari likawa laini zaidi. Lakini majani yalikuwa yakiishika ekseli yenyewe. Koili haiwezi, kwa hiyo ekseli hushikwa na mikono miwili na fimbo ya kuvuka upande hadi upande, kila mmoja na bushi zake. Viungo vya kugonga vikaongezeka.

Kuna jaribio ambalo halihitaji spana wala senti. Gari likiwa na fri-wili za kufunga kwa mkono kwenye magurudumu ya mbele, zifungue zote mbili, toa fowili, kisha rudia njia ile ile kwa kasi ile ile. Shafti za ndani ya ekseli, difu ya mbele na propela ya mbele vyote vinaacha kuzunguka. Mlio ukikatika, tatizo limo humo. Ukibaki, umeviondolea shaka vyote kwa mkupuo, na kinachosalia ni beringi za magurudumu, breki, usukani na viungo vya mpira. Sijui kwa nini jaribio hili hufanywa mwisho, baada ya fedha kuisha, wakati lingefaa kufanywa kwanza, tena huko huko vumbini.

Mgoto wenye mpangilio huhesabika. Tairi la 7.50R16 husogea takribani mita 2.5 kila likizunguka mara moja, na kwa mzunguko huo mmoja propela huzunguka mara nne na ushei. Dereva aende mwendo wa mguu, mwenzake atembee pembeni. Mgoto mmoja kila mita mbili na nusu unatoka kwenye gurudumu. Minne katika umbali huo inaelekeza kwenye krosi ya propela. Usiofuata hesabu yoyote, unaokuja tu pale njia ilipojikunja kama bati, ni wa kiungo kilicholegea.

Upo pia mlio usio wa ubovu. Gari limetoka kwenye tope, limeingia lami, na fowili haijatolewa. Halina difu ya kati, na kwenye kona magurudumu ya mbele na ya nyuma hayaendi umbali sawa. Mkazo hujikusanya hadi uachie kwa kishindo.

Udongo wa Handeni ni mwekundu, na hapo macho hudanganyika. Bolti inayocheza husaga chuma na kutoa unga wa kutu wa rangi karibu na hiyo. Osha chini ya gari, liendeshe kwenye lami kavu, kisha chungulia: unga mwekundu utakaokuwa umejitokeza kuzunguka bolti haukutoka barabarani. Mlio wa kulialia unaokoma gari likioshwa na kurudi likikauka ni wa bushi.

Jeki nayo huficha mambo, kwa sababu huondoa uzito unaokandamiza viungo. Tairodi na ile fimbo ya kuvuka zikaguliwe magurudumu yakiwa chini, mmoja akitikisa usukani kidogo kidogo, mwingine ameweka kiganja juu ya kila kiungo. Baada ya hapo ndipo gurudumu liinuliwe, lishikwe juu na chini, litikiswe. Likicheza, mtu akanyage breki. Mchezo ukikoma, ni beringi ya gurudumu. Ukiendelea, fungua beringi za kingpini.

Kwenye Prado, ambayo magurudumu yake ya mbele hujitegemea, anza na boljointi ya chini. Mwaka 2005 Toyota iliyaita magari zaidi ya 700,000 nchini Marekani, yakiwemo Tacoma na Tundra, kwa sababu ya boljointi za mbele zilizoweza kuchakaa mapema. Ikichomoka, gurudumu hulala na usukani haumtii dereva tena.

Uchunguzi una mpaka. Kiungo cha usukani kinachocheza chini ya kiganja, au kitovu cha gurudumu kinachochemka kuliko cha upande wa pili, hakihitaji safari nyingine ya kusikiliza. Gari hilo lisipandishwe milimani, Bungu wala Vugiri, hadi litengenezwe, hata kama kuna mgonjwa anayesubiri. Atafutiwe gari jingine.