Ndege ya kwenye boksi sio ile unayoitaka: jinsi ya kuunda modeli ya ndege na kuirekebisha

Umeagiza mtandaoni modeli ya plastiki ya Dreamliner, ile ya kuunganisha mwenyewe. Boksi limekaa wiki kadhaa njiani mpaka kufika Babati, umelipa usafiri, umelipa kodi. Unaunganisha vipande, unapaka rangi, unabandika twiga mkiani. Halafu anakuja mtu anayezijua ndege, anaitazama sekunde mbili tu, anakwambia: "Hii sio ya kwetu. Hii ni ndefu."

Na anaweza kuwa anasema kweli kabisa.

Iko hivi. Dreamliner sio ndege moja. Ile ambayo Air Tanzania waliipokea Julai 2018 ni Boeing 787-8, yenye urefu wa mita 56.7. Ipo pia 787-9, yenye mita 62.8. Kampuni ya Zvezda ya Urusi inatengeneza seti za zote mbili, na ukiziona kwenye skrini ndogo ya simu ni kama mapacha. Tofauti ni namba moja tu mwishoni mwa jina. Usipoisoma hiyo namba, pesa imekwenda, maana 787-9 huwezi kuifanya 787-8 bila kuikata bodi kwa msumeno.

Kukata kwenyewe kunawezekana, tutafika huko. Ila kwanza hesabu.

Skeli ndiyo kila kitu

Skeli ya modeli ni ile ile uliyoisoma kwenye ramani shuleni. Seti nyingi za ndege za abiria ni 1/144, yaani sentimita 1 ya modeli ni sentimita 144 za ndege halisi. Chukua urefu halisi, gawanya kwa 144. Mita 56.7 inakupa sentimita 39.4. Mita 62.8 inakupa sentimita 43.6. Zaidi ya sentimita nne tofauti! Hapo huhitaji mtaalamu, rula ya mtoto wa shule inatosha.

(Ukijiuliza kwanini 144 na sio namba nzuri kama 100, lawama ziende kwa futi na inchi. Kwenye 1/72, skeli maarufu ya ndege za kivita, inchi moja ya modeli ni futi sita za ndege halisi. 1/144 ni nusu ya hiyo.)

Kwa hiyo boksi likifika, usikimbilie gundi. Toa nusu mbili za bodi, ziweke pamoja kwa tepu, pima kuanzia pua mpaka mwisho wa mkia. Pima na mabawa. Andika pembeni. Hapo ndipo utajua una ndege gani mkononi, maana picha ya juu ya boksi ni mchoro wa biashara.

Wakati mwingine hata rula huhitaji. Chukua ndege za panga boi, zile Q400 ambazo watu wengi wa mikoani ndizo walizoanza kupanda. Q400 ina panga sita kwenye kila injini na urefu wa mita 32.8. Ndugu yake mdogo, Dash 8-300, ambayo Air Tanzania waliwahi kuirusha pia, ina panga nne na urefu wa mita 25.7. Ukihesabu panga nne, hiyo sio Q400, hata muuzaji akiapa.

Na kama hela ya boksi hakuna, Q400 ndiyo ya kuanza nayo kwa kadibodi. Tumia skeli ya 1/100, kichwa hakiumi: mita moja ni sentimita moja. Bodi sentimita 32.8, mabawa kutoka ncha hadi ncha sentimita 28.4, duara la panga boi sentimita 4.1. Boksi la viatu, mkasi, gundi ya mbao, karatasi nyeupe ya kufunika. Mtoto wa darasa la tano anaimaliza Jumamosi moja, na hesabu za uwiano atakuwa amezielewa kuliko ubaoni.

Picha ni shahidi, ila anaweza kudanganya

Baada ya rula inakuja picha. Tafuta ya pembeni kabisa, iliyopigwa kwa mbali. Picha ya simu iliyopigwa karibu na pua inaikuza pua na kuufanya mkia uonekane mdogo, na ukiifuata hiyo utaharibu modeli nzima iliyokuwa sahihi. Ukienda KIA au Dodoma kupanda ndege na ukataka kupiga yako, uliza kwanza kama panaruhusiwa, kisha simama mbali, vuta kwa zumu.

Kwenye picha nzuri, kitu kimoja chenye kipimo unachokijua kinakupa vingine vyote. Unajua urefu wa ndege nzima ni mita 32.8 na kwenye skrini ni sentimita 16.4? Basi kila sentimita ya skrini ni mita mbili. Mlango, dirisha, tairi, vyote unavipima hapo hapo.

Sasa urekebishe nini, uache nini? Wapo wanaobishana kuhusu nusu milimita. Mimi naona ni kupoteza muda. Kwenye 1/144, kosa la milimita 1 ni sentimita 14 za ndege halisi, na jicho haliioni. Rekebisha urefu wa bodi, upana wa mabawa, umbo la pua na injini. Hivyo vinne ndivyo vinavyomfanya mtu aseme "hii ndiyo" au "hii sio". Mengine acha.

Comet: kazi ngumu, lakini ni historia yetu

Mfano mzuri kuliko yote ni ndege ambayo wazee wanaikumbuka na vijana wengi hawajawahi hata kuisikia. East African Airways, shirika la pamoja la Kenya, Uganda na Tanganyika na Zanzibar, lilianza mwaka 1946. Mwaka 1960 likaingia kwenye jeti kwa ndege za De Havilland Comet 4. Lilinunua tatu.

Ukitaka kuiunda leo kwenye 1/144, seti ya zamani utakayokutana nayo ni ya Airfix ya Uingereza. Shida: hiyo ni Comet 4B, iliyotengenezwa kwa safari fupi za Ulaya. Bodi ya 4B ina mita 36, ya Comet 4 ina mita 34. Mabawa ni kinyume chake: 4B ina mita 32.9, Comet 4 ina mita 35. Tena mabawa ya Comet 4 yana matangi ya mafuta yanayochomoza kwa mbele, na 4B haina.

Geuza kuwa sentimita. Bodi ya seti ni 25.0, unataka 23.6: ondoa sentimita 1.4. Mabawa ni 22.8, unataka 24.3: ongeza sentimita 1.5, yaani milimita saba na nusu kila upande.

Usifanye nusu ya kazi. Ukirefusha mabawa na kuweka matangi bila kuikata bodi, umetengeneza Comet 4C, kama zile za Sudan Airways. Ndege nzuri, ila sio ya kwetu.

Wapi ukate? Picha inakwambia. Hesabu madirisha mbele ya bawa na nyuma ya bawa kwenye picha ya Comet 4, kisha hesabu kwenye seti. Yaliyozidi ndiyo yanayoondoka. Kata sehemu ambayo bodi ina unene ule ule, usikate inapoanza kuchongoka, la sivyo vipande havitakutana.

Gundisha nusu mbili za bodi kwanza, acha zikauke usiku kucha. Zungusha tepu kwenye mstari wa kukata, ifanye kama reli ya kuongoza msumeno. Tumia jino jembamba la msumeno wa chuma, taratibu, huku unaizungusha bodi. Kumbuka msumeno nao unakula karibu milimita 1, kwa hiyo kata ndani ya sehemu inayotupwa, kisha malizia kwa msasa hadi kwenye mstari. Ndani ya kiungo weka pete ya plastiki ili kishike. Kisha puti, msasa, puti tena, msasa tena. Hii hatua inachosha, na ndiyo inayowashinda wengi. Wanapaka rangi mapema, halafu kovu linaonekana chini ya rangi kama mfereji.

Vifaa vyenyewe sio lazima vitoke Ulaya. Msasa wa maji namba 400, 600 na 1000 upo kwa wauza rangi za magari. Puti ya mafundi bodi inafaa ukiipaka nyembamba nyembamba. Plastiki ya kutengenezea ncha za mabawa na matangi unaweza kuitoa kwenye vikombe vya mtindi: geuza kikombe, ukiona pembetatu yenye namba 6, hiyo ni polistaireni, plastiki ile ile ya modeli. Namba 5 au 2 itupe, gundi ya modeli haiishiki.

Maana gundi ya modeli haibandiki kama gundi ya karatasi. Inayeyusha plastiki kidogo pande zote mbili, zinaungana zikawa kitu kimoja. Supa gluu inakamata haraka lakini kiungo kinakatika ukikigonga, na mvuke wake unaacha ukungu mweupe kwenye vioo vya rubani. Tina ndiyo hatari zaidi. Fundi wa magari atakwambia usafishie tina, lakini tina inaila modeli. Tone moja, na dirisha limekuwa matope. Safisha kwa maji na sabuni ya kawaida. Na vyote hivi, gundi, tina na rangi ya kupuliza, fanyia nje au dirisha likiwa wazi, watoto wakiwa mbali.

Bado herufi za usajili. Watu wanakosea sana hapa. Comet hizo zilianza na herufi za kikoloni, kwa mfano VP-KPK. Baada ya uhuru ndege hiyo hiyo ikawa 5H-AAF, 5H ikiwa ni ya Tanzania, kama 5Y ilivyo ya Kenya na 5X ya Uganda. Ukiunda ndege ya mwaka 1961 ukabandika 5H, umekosea hata kama kila milimita iko sawa. Chagua mwaka kwanza, kisha herufi. Unaweza kuzichapisha kwenye karatasi maalumu ya dekali, zile stika nyembamba zinazoloweshwa majini, lakini printa ya kawaida haitoi rangi nyeupe. Nyeupe yoyote lazima ipakwe kwanza kwenye modeli.

Super VC10, na risasi za wavuvi

Kwa asiyetaka kukata bodi, ipo Super VC10. East African Airways walikuwa nazo tano kuanzia mwaka 1966. Airfix ana seti ya 1/144, na safari hii urefu wenyewe uko sawa: mita 52.3, yaani sentimita 36.3. Kinachokosekana ni mlango. Seti ilitengenezwa kufuata ndege za BOAC, lakini za kwetu zilikuwa na mlango mkubwa wa mizigo upande wa kushoto, mbele ya bawa. Upime kwenye picha, bandika tepu ngumu kama rula, kwaruza kwa ncha ya sindano mara nyingi kidogo kidogo. Usikandamize mara moja, sindano itateleza.

Tatizo la pili ni uzito. VC10 ina injini nne, zote mkiani. Modeli isipowekewa uzito puani inakaa kwa mkia kama mbwa. Kabla hujafunga bodi, jaza pua. Risasi ndogo za nyavu, kama wanazotumia wavuvi ziwani, zinafaa kabisa: nzito na zinaenea kwenye kona. Zigandishe kwa gundi, jaribu kusimamisha ndege kwa tepu, ongeza kama bado inainua pua. Ukishafunga hakuna kurudi nyuma. Nawa mikono baada ya kuishika risasi.

Kabla ya kupaka rangi, amua ndege gani kati ya hizo tano. 5X-UVA ilianguka Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972, watu 43 wakafa. Shirika lenyewe lilikufa mwaka 1977, na nne zilizobaki zikaishia jeshi la anga la Uingereza, zikageuzwa kuwa za kujaza mafuta ndege nyingine angani. 5H-MOG ndiyo VC10 ya mwisho kutengenezwa. 5H-MMT ikapewa namba ZA147, na tarehe 25 Septemba 2013 ikaruka kwenda Bruntingthorpe. Hiyo ndiyo safari ya mwisho ya VC10 yoyote duniani.

Kwa hiyo bodi hiyo hiyo unaweza kuipaka rangi za East African Airways za miaka ya 60, au kijivu cha jeshi, lakini ukichagua jeshi utahitaji kutengeneza pia mitungi ya mipira ya mafuta chini ya mabawa.