Je, Wajua? Familia Zilizohamia Milima ya Usambara

Panda kutoka Mombo, pita Soni na Lushoto, endelea hadi Mlola. Kila ukoo utakaokutana nao una babu aliyetoka mahali fulani: wengine walikuja na mbwa wa kuwindia, wengine na ng'ombe, wengine na hati ya serikali mkononi. Hizi ni habari zao kwa ufupi.

Je, wajua kwamba ukoo uliotawala Usambara ulianzishwa na mhamiaji? Ni Mbegha, mwindaji wa nguruwe kutoka nchi ya Nguu, aliyefika katika karne ya 18. Masimulizi yanasema aliota meno ya juu kwanza, akahesabiwa kigego, yaani mtoto wa mkosi, na ndugu zake wakamnyima urithi. Milimani aliwagawia watu nyama, akaua simba, akaamua kesi zao. Wasambaa wakamfanya mfalme, na ukoo wake ukajulikana kama Wakilindi.

Je, wajua mgeni huyo alivyogeuka mwenyeji? Kwa ndoa. Alioa binti wa Bumbuli, na Buge, mtoto wa mama huyo, ndiye aliyemrithi. Hivyo mfalme wa pili alikuwa na wajomba Wasambaa.

Je, wajua kwamba habari hizo ziliandikwa kwa Kiswahili na mtu aliyeishi miaka mingi karibu na watawala hao? Ni Abdallah bin Hemedi, mwandishi wa *Habari za Wakilindi*. Mwaka 1962 kitabu hicho kilitolewa upya, kikiwa kimehaririwa na J. W. T. Allen.

Je, wajua kwamba Kimweri ye Nyumbai, mfalme Mkilindi aliyekaa Vugha, alitawala hadi pwani? Mmisionari Ludwig Krapf alifika nchini mwake mwaka 1848 na tena mwaka 1852, akitafuta ruhusa ya kuweka misheni.

Je, wajua kwamba Wambugu, majirani wafugaji wa Wasambaa, wamebeba historia yao ya kuhama katika lugha? Lugha wanayoongea wao kwa wao ina maneno mengi ya Kikushi, lakini sarufi yake ni ya Kibantu. Wataalamu wa lugha duniani kote huisoma kama mfano adimu wa lugha iliyochanganyika hivyo.

Je, wajua kwamba mwaka 1891 wamisionari Wajerumani walijenga kituo Mlalo na kukiita Hohenfriedeberg? Mwaka 1898 serikali ya kikoloni ikaanzisha Wilhelmstal, mji tunaouita Lushoto. Mwaka 1905 reli ya kutoka Tanga ikafika Mombo, na safari ya mlowezi kutoka bandarini hadi chini ya milima ikawa nyepesi.

Je, wajua ardhi ya walowezi ilipatikanaje? Mwaka 1895 amri ya Kaizari wa Ujerumani ilitangaza kuwa ardhi "isiyo na mwenyewe" ni mali ya serikali. Shamba lililopumzishwa, msitu wa tambiko na malisho ya msimu vilionekana vitupu machoni pa mpima ardhi. Mbegha alipewa nchi na wenyeji. Walowezi walipewa na karatasi iliyoandikwa ng'ambo. Tofauti hiyo ni kubwa, na haifai kusahauliwa.

Je, wajua kwamba mmoja wa walowezi hao alikuwa mtoto wa Mwingereza? Tom von Prince alizaliwa Mauritius mwaka 1866. Baba yake alikuwa ofisa wa polisi wa Kiingereza, mama yake Mjerumani. Alisoma Ujerumani, akawa askari wa Kaizari, akapigana na mtawala Mkwawa huko Uhehe, kisha akaacha jeshi na kulima Usambara.

Je, wajua kwamba mkewe, Magdalene, alichapisha kitabu mwaka 1903 kuhusu maisha yake katika koloni hilo? Ndiyo maana safari ya familia hiyo inafuatika hadi leo: kuna aliyeiandika.

Je, wajua mwisho wa von Prince? Aliuawa tarehe 4 Novemba 1914 katika mapigano ya Tanga, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akipigana na jeshi la Uingereza, nchi ya baba yake. Askari walikuwa wakimwita Bwana Sakarani, na jina hilo limebaki kwenye shamba la Sakharani, karibu na Soni, ambalo sasa ni la watawa Wabenediktini.

Je, wajua kwamba baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walifukuzwa na mashamba yao yakauzwa kwa mnada? Waliruhusiwa kurudi mwaka 1925. Vita Kuu ya Pili ikawang'oa tena.

Je, wajua kwamba Australia nayo imo katika hadithi hii? Mikaratusi na migrivea inayopandwa milimani kwetu asili yake ni huko. Watu nao walitoka Afrika Mashariki kwenda huko: wakimbizi wa Kipolandi waliohifadhiwa Tengeru, Arusha, na katika kambi nyingine za Afrika Mashariki wakati wa Vita Kuu ya Pili walitafutiwa makao mapya. Mwaka 1950 takriban 1,200 kati yao walipanda meli ya General Langfitt Mombasa na kushuka Fremantle, Australia. Waliofia Tengeru bado wana makaburi yao huko.

Je, wajua kwamba Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ina majalada ya tangu enzi ya Wajerumani? Mjukuu wa mlowezi anaweza kumtafuta babu yake humo. Mjukuu wa mkulima wa Mlola atapata machache, kwa sababu habari za babu yake ziko midomoni mwa wazee.

Basi, msomaji, nunua daftari. Kaa na mzee wa ukoo wako umuulize: tulitoka wapi, nani alitangulia, alipewa ardhi na nani, amezikwa wapi? Usiishie kwa wanaume. Andika jina la kila bibi na ukoo aliotoka, maana hao ndio wanaosahaulika kwanza. Andika pia tarehe na jina la aliyekusimulia. Fanya hivyo mwaka huu, wazee wakiwa bado wapo.