Herufi Moja katika Damu

Damu ya mtu mwenye selimundu hutofautiana na damu ya mtu asiye na ugonjwa huo kwa herufi moja ya DNA. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, Simiyu ikiwemo, herufi hiyo si jambo la nadra. Sampuli za damu za watoto zaidi ya 17,000 kutoka kaskazini magharibi mwa Tanzania zilipopimwa katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, takriban mtoto mmoja katika kila watano alikutwa ameirithi kwa mzazi mmoja. Zaidi ya mmoja katika kila mia alikuwa ameirithi kwa wazazi wote wawili, na huyo ndiye mgonjwa.

DNA imo ndani ya kiini cha seli. Ni nyuzi mbili zilizosokotana, na mkulima wa pamba wa Bariadi, Simiyu, anaweza kuifikiria kama uzi uliosokotwa. Mfano huo una upungufu, kwa kuwa nyuzinyuzi za pamba hushikana kwa kusuguana tu, ilhali nyuzi za DNA zimeunganishwa kwa vipandio, kama ngazi ya kamba iliyonyongwa. Mihimili ya ngazi ni sukari na fosfeti. Kila kipandio ni besi mbili zilizokutana katikati, na besi ziko aina nne: adenini, thimini, guanini na sitosini, zinazoandikwa kwa herufi A, T, G na C. A hukaa na T pekee, G na C pekee. Kwa hiyo anayejua upande mmoja anaujua na wa pili, na seli inapogawanyika, kila uzi hujengewa mwenzake upya.

Umbo hilo lilitangazwa mwaka 1953 na James Watson na Francis Crick huko Cambridge. Haki inadai kutajwa kwa Rosalind Franklin, kwani picha ya eksirei iliyopigwa katika maabara yake jijini London mwaka 1952 iliwapa ushahidi muhimu. Alifariki mwaka 1958, miaka minne kabla ya wenzake kupewa Tuzo ya Nobeli.

Binadamu ana jozi za herufi zipatazo bilioni tatu katika kila seti ya kromosomu, na anapokea seti moja kwa baba na moja kwa mama. Kipande cha DNA chenye maelekezo ya kutengeneza protini huitwa jeni. Protini ni mnyororo wa asidi amino, na mwili hutumia aina 20 za asidi hizo. Herufi ni nne tu. Zikisomwa mbili mbili hutoa maneno 16, ambayo hayatoshi. Zikisomwa tatu tatu hutoa 64, na yanabaki ya ziada. Ndivyo zinavyosomwa. Maneno 61 hutaja asidi amino, hivyo asidi nyingi zina maneno zaidi ya moja, na matatu yaliyobaki ni alama za kukomea.

Usomaji haufanyiki juu ya DNA yenyewe. Kwanza jeni hunakiliwa kuwa RNA mjumbe, ambayo ni uzi mmoja wenye herufi U mahali pa T. Nakala hiyo hutoka ndani ya kiini na kuingia katika ribosomu, kiwanda kidogo mno kinachopokea herufi tatu kwa wakati. RNA nyingine ndogo huleta asidi amino inayolingana na neno lililofikiwa, ribosomu huiunga kwenye mnyororo, kisha husogea kwenye neno linalofuata. Mnyororo ukikamilika hujikunja, na mkunjo huo ndio unaoipa protini kazi yake.

Himoglobini, protini inayobeba oksijeni, imeundwa kwa minyororo minne: alfa miwili na beta miwili. Mnyororo wa beta una asidi amino 146. Sehemu ya jeni yake husomeka CCT GAG GAG. Kwa mwenye selimundu husomeka CCT GTG GAG. A imekuwa T, na katika nafasi ya sita ya mnyororo mahali pa asidi ya glutamiki pamechukuliwa na valini. Glutamiki hupenda maji, valini huyakwepa. Himoglobini ikishaachia oksijeni, valini hizo hutafuta mahali pa kujificha, na himoglobini hugandamana kuwa nyuzi ngumu zinazoipinda chembe nyekundu hadi ifanane na mundu wa kuvunia. Chembe za namna hiyo huziba mishipa midogo, ndipo mtoto analia kwa maumivu ya mifupa na kuvimba vidole. Tena huvunjika upesi: chembe ya kawaida huishi siku 120, hizi huishi siku kama 10 hadi 20 tu, na upungufu wa damu hauepukiki.

Kwa nini jeni yenye madhara namna hii imedumu karibu na Ziwa Victoria? Jibu lilitoka jirani kabisa na Simiyu. Katika takwimu alizochapisha mwaka 1956 kutoka Musoma, Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alikuta watoto wachanga 89 kati ya 287 wana jeni moja ya selimundu, na 9 wana mbili. Miongoni mwa watu wazima 654, wenye jeni moja walikuwa 249, na wenye mbili watano tu. Wagonjwa wengi walikuwa wamekufa utotoni. Wasio na jeni hiyo kabisa nao walikuwa wamepungua, kwa malaria. Mwenye jeni moja hupata kinga kubwa dhidi ya malaria kali bila kuugua selimundu, kwa hiyo huishi na kuirithisha. Wenye jeni moja wawili wakizaa, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto mgonjwa.

Dawa ya haidroksiurea hupunguza maumivu kwa kuamsha jeni ya himoglobini ya kijusi, inayotumika mtoto akiwa tumboni. Jeni hiyo haina kosa lile. Kwa kawaida huzimwa baada ya kuzaliwa, na ndiyo maana dalili huchelewa hadi mtoto afikishe miezi kadhaa. Mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba inayokata DNA ya seli za uboho ili jeni hiyo iwake tena. Herufi T katika neno la nafasi ya sita hubaki palepale, ila mwili hauitegemei tena peke yake.