Maradhi Machache, au Wagonjwa Wasiohesabiwa?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ama baada ya hayo, mwaka uliopita tulisafiri hadi Kericho kuwazuru jamaa zetu, na huko tukakaribishwa na familia moja ya Kiislamu inayoishi kando ya mashamba ya majani chai, upande wa kuelekea Bomet. Mama wa nyumba hiyo, mwenye umri wa miaka 30 na kitu, amechuma chai tangu ujana wake. Alitusimulia kwamba vidole vyake vilianza kufa ganzi, kisha jicho moja likaingia ukungu na kuuma kila alipoligeuza. Baada ya wiki kadhaa jicho likapona lenyewe. Miezi ikapita, mguu ukawa mzito na mwili ukachoka pasipo kazi. Mchuma chai hulipwa kwa kilo. Kilo zilipopungua, akaitwa mvivu. Jamaa wakasema ni majini, wakamteremsha Pwani kutafutiwa dawa. Akapigishwa nyungu katika joto la mwezi wa Machi, naye akazidi kulegea hata asiweze kusimama. Mwishowe alipelekwa kwa daktari wa mishipa ya fahamu Nairobi, akapigwa picha ya ubongo, akaambiwa ana maltipo sklerosisi, maradhi ambayo madaktari huyaita kwa ufupi MS.

Akatuuliza: “Sheikh, mbona kila nimwambiaye hunijibu kuwa haya ni maradhi ya Wazungu?”

Swali hilo lina haki ya kujibiwa. Maana ya jina la maradhi haya ni makovu mengi. Kinga ya mwili, iliyoumbwa kutulinda, huishambulia ala inayofunika mishipa ya fahamu katika ubongo na uti wa mgongo, na ujumbe wa ubongo ukakwama njiani kama umeme katika waya uliochunika. Hayaambukizi. Na mwili ukipata moto, mishipa iliyojeruhiwa huzidi kushindwa na kazi yake kwa muda. Basi joto na nyungu vyatosha kueleza kulegea kwa mama yule, pasi na kuyasingizia majini.

Hesabu ya kimataifa ya mwaka 2020 ilikadiria wagonjwa milioni 2.8 duniani, yaani watu 36 hivi katika kila laki moja. Ujerumani walihesabiwa zaidi ya 300 kwa kila laki. Barani Afrika, chini ya 10. Wanawake ni takriban mara mbili ya wanaume, na wengi hutambuliwa wakiwa na umri wa karibu miaka 32, wakati wa kuzaa na kulea.

Tofauti hii ina sababu za kweli. Maradhi haya huongezeka kadiri nchi inavyokuwa mbali na ikweta, na Kericho iko karibu kabisa na mstari huo. Wataalamu hutaja jua na vitamini D, na pia kirusi kiitwacho Epstein-Barr, ambacho utafiti wa Marekani wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa hutangulia maradhi haya. Kwetu watoto wengi hukipata wakingali wadogo. Anayekipata ujanani ndiye mwenye hatari zaidi. Lakini rangi ya ngozi si ngao. Utafiti uliochapishwa mwaka 1990 ulionyesha kuwa watoto waliozaliwa Uingereza na wazazi wahamiaji kutoka Afrika, Bara Hindi na Karibi waliugua kwa wingi kuliko kizazi cha wazazi wao.

Sababu ya pili ni kwamba asiyetambuliwa hahesabiwi. Kutambuliwa kunataka daktari bingwa na mashine ya MRI, na vyote viwili vimekusanyika zaidi katika miji mikubwa, kwa gharama nzito kwa mchuma chai. Jarida la tiba la Afrika Mashariki lilichapisha habari za wagonjwa wa Kenya tangu mwaka 1989, na tena mwaka 2001. Sensa ya mwaka 2019 iliwakuta watu 901,777 Kericho na 875,689 Bomet. Tukichukulia kwa mfano mgonjwa mmoja tu katika kila laki, hao ni kama 18. Tukichukulia watano, ni karibu 90. Wako wapi? Tunachelea kuwa baadhi yao wamo majumbani, wakidhaniwa wamerogwa, au wamekwisha kuachwa na waume zao.

Enyi mama zetu na dada zetu, jicho likiingia ukungu ghafla, ganzi au udhaifu wa kiungo ukidumu zaidi ya siku moja, mwendo ukiyumba, nendeni hospitalini, hata kama dalili zitaondoka zenyewe. Zikisharudi mara ya pili, zitajeni zote mbili kwa daktari. Kisomo cha Qur’ani hakigombani na matibabu, Mtume wetu (S.A.W.) alituamuru kujitibu. Dawa za kupunguza mashambulizi zipo, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza tatu katika orodha yake ya dawa muhimu.

Nanyi waume, mke aliyechoka kwa maradhi asiitwe mvivu. Sheria imemruhusu kusali akiwa ameketi. Itakuwaje nyumba yake imnyime kiti?

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, wanaojulikana na wasiojulikana. Amin.