Mtoto Akasome Sheria Dodoma?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.

Wazazi wa Unguja na Pemba huuliza: kijana wetu amemaliza kidato cha sita, amepata nafasi ya kusoma sheria Chuo Kikuu cha Dodoma. Tumruhusu? Wanahofia umbali, na wanahofia kuwa sheria hizo zimetungwa na binadamu.

Umbali umepungua. Tangu 2024 treni ya umeme inatoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Anayeshuka boti asubuhi hulala Dodoma siku hiyo hiyo. Misikiti ipo, ukiwemo ule mkubwa wa Gaddafi.

Ama hofu ya pili, Nabii Yusuf (A.S.) alisimamia hazina ya Misri chini ya mfalme asiyekuwa wa dini yake. Na katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, Mtume (S.A.W.) amewagawa makadhi mafungu matatu: mawili motoni na moja peponi, nalo ni la aliyeijua haki akahukumu kwayo. Onyo hilo ni zito. Lakini wajuzi wote wakikikimbia kiti, atakikalia asiyejua.

Tazama mirathi. Huku Zanzibar tuna Mahakama ya Kadhi. Bara, mirathi ya Muislamu huanzia Mahakama ya Mwanzo, na rufaa zake zaweza kupanda hadi Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Thumuni ya mjane mwenye watoto inaamuliwa na hakimu au jaji aliyepita vyuo hivi hivi. Akiwa anaijua na fiqhi pia, mjane yule amesalimika.

Njia yenyewe ni ndefu. Kwanza shahada, miaka mitatu au minne kulingana na chuo. Kisha, kwa Bara, Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoundwa kwa sheria ya 2007. Zanzibar ina Mahakama Kuu yake na utaratibu wake wa kusajili mawakili, basi ulizeni mapema. Baadaye ni kazi: uhakimu, uwakili au utumishi wa umma. Kwa Mahakama Kuu ya Tanzania, ibara ya 109 ya Katiba inataka sifa hizo zisipungue miaka kumi, na Rais huteua baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Profesa Ibrahim Hamis Juma, Jaji Mkuu kuanzia 2017 hadi 2025, alisomesha sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kabla ya ujaji.

Jawabu letu: mruhusuni, awe wa kiume au wa kike, mkimwandaa. Msimtoe madrasa kwa sababu ya mitihani ya skuli. Ajue Kiarabu cha kusomea fiqhi, Kiingereza cha kuandikia hoja, na hesabu za mirathi kabla hajapanda boti. Na azoee tangu nyumbani kusema kweli hata dhidi ya jamaa yake, kwani siku moja huenda akaletewa kesi ya mtu mkubwa na ya mnyonge.

Wallahu aalam.