Safura: tazama kiganja cha mtoto kabla hujamwita mvivu

Wazazi wengi huamini mtoto ana minyoo pale tu wanapomwona mnyoo kwenye haja kubwa. Kwa minyoo ya safura, usisubiri hilo. Ni midogo, yenye urefu wa takribani sentimita 1. Hujishikiza kwenye utumbo mwembamba na kunyonya damu, na ni nadra kuiona chooni. Utakachokiona ni mtoto anayeishiwa damu polepole.

Akichoka haraka na kusinzia darasani, anaitwa mvivu. Akila udongo, anachapwa. Kumbe huenda damu imepungua.

Mzazi, msogeze mtoto kwenye mwanga wa mchana, kisha angalia yafuatayo:

Viganja: Mwambie afungue mkono bila kuukaza, kisha uweke wako kando yake. Je, kiganja chake kimepauka kuliko chako? Linganisha na cha mtu mwingine pia, maana huenda hata wewe una upungufu wa damu.

Macho: Vuta kope la chini taratibu. Kwa ndani panatakiwa kuwa pekundu. Angalia pia ulimi na fizi.

Miguu: Vipele vinavyowasha katikati ya vidole huweza kuwa njia waliyopitia mabuu wa minyoo kutoka kwenye udongo wenye kinyesi.

Akihema kwa shida hata akiwa amepumzika, moyo ukienda mbio, au uso na miguu ikivimba, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Hata hivyo, kupauka si uthibitisho wa safura. Malaria, selimundu na lishe duni pia hupunguza damu. Ndiyo maana kununua dawa ya minyoo dukani na kuishia hapo ni hatari. Mpeleke kituo cha afya: kipimo cha choo kitatafuta mayai ya minyoo, na cha damu kitaonyesha kiwango chake.

Dawa kama albendazole huua minyoo, lakini hairudishi damu iliyokwisha kunyonywa. Mtoto anaweza kuandikiwa vidonge au maji ya madini ya chuma. Mpe pia dagaa, maini, maharage na mboga za majani.

Kisha mvalishe viatu, na familia nzima itumie choo. Bila hivyo, minyoo itarudi.